Elfu Kumi Mia Nne na Tatu

Karatasi ya mfuko wa saruji hunuka vumbi hata ukiikung'uta mara kumi, na ndiyo niliyofanyia hesabu nilipokuwa darasa la saba, Mji Mpya, Morogoro. Baba aliileta kutoka kwenye vibarua vya ujenzi. Kabla ya hapo alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha magunia. Kiwanda kikauzwa, mnunuzi akang'oa mashine, baba akarudi nyumbani na ovaroli yake. Hasira zake hazikuwa na pa kwenda, zikahamia kwenye madaftari yangu. Lazima ufaulu, alisema, kana kwamba nimekataa.

Kufaulu nako kulikuwa kumeanza kuuzwa. Mwalimu wetu wa hesabu alipiga miayo darasani, maarifa akayawekea akiba tuisheni ya jioni, kwa wenye nacho. Siku moja, sijui huruma gani ilimwingia, akaandika ubaoni 10,403. Atakayethibitisha kama ni namba tasa au siyo, atasoma tuisheni bure. Nafasi ilikuwa moja tu.

Jioni ile, ukungu ukishuka kutoka Uluguru, mimi na baba tulipiga magoti sakafuni. Kwa mbili haigawanyiki, ni witiri. Kwa tatu haigawanyiki, tarakimu zake ukizijumlisha unapata nane. Tano haikutusumbua. Saba ilibakiza moja, baba akaguna kama aliyetukanwa. Tukapanda na namba tasa moja baada ya nyingine hadi tisini na saba, zote zikabakiza. Nikaanza kuandika mia na moja.

"Acha," alisema baba. "Mia mara mia ni elfu kumi. Umeshafika. Hiyo ni tasa."

"Lakini baba, hii imezidi elfu kumi."

"Imezidi kidogo tu! Nimepima vyuma miaka yote hiyo, leo unanibishia?"

Nikaweka penseli chini.

Kesho yake nilisimama kwa kujiamini. "Ni tasa, mwalimu." Akanipa chaki, akaniambia nizidishe mia na moja kwa mia na tatu mbele ya wote; ikatoka 10,403 ileile. Nafasi ya bure akaipata Consolata, aliyekuwa na jibu sahihi na ambaye tayari alikuwa anasoma tuisheni kwa kulipa.

Nyumbani baba aliniuliza. Nikaitazama mikono yake iliyopasuka kwa saruji, nikasema nilikosea kugawanya. Hakunipiga. "Una haraka mno wewe," alisema, na akayarudia hayo kwa kila mgeni, hata baada ya jina langu kukosekana kwenye orodha ya waliochaguliwa kwenda sekondari.

Juzi binti yangu aliiandika namba hiyo kwenye simu, jibu likatoka kabla sijavaa miwani. "Mbona rahisi, mama," akasema. Rahisi kweli. Baba alikufa akiwa bado anasimulia kwamba ningekuwa mhandisi kama si uzembe wangu. Nilimuuguza miezi mingi, na majirani wananisifu kuwa sikuwahi kumjibu neno baya. Wanadhani ni wema. Nilikuwa nimemsamehe kila kitu isipokuwa ule mstari mmoja wa kugawanya alionizuia kuuandika, na niliogopa kwamba nikifungua mdomo, atajua.