Nilitoka Kuhesabu Maharage

Julai 1956, baridi ilipounguza majani ya maboga, tulimpoteza mwalimu wetu wa darasa la tatu. Hakufa. Alihamishwa, na sababu ni mimi.

Juzi nilikwenda Kalenga kwenye msiba, nikapita ilipokuwa shule yetu. Sikuweza kusimama, ndugu yangu. Nilizunguka mara mbili, nikaondoka.

Madarasa mengine yaliimba jedwali la kuzidisha asubuhi nzima, sisi tukiwa bondeni kwenye kinyungu, bustani ya shule, tope jeusi la baridi limetufika vifundoni. Tulichagua wenyewe pa kupanda. Mara ya kwanza maji yalichukua mbegu zote, naye mwalimu akatuuliza tu, "Sasa tufanyeje?" Bibi yangu alinung'unika akimenya nyuzi za majani ya maboga: "Mwalimu gani huyo anauliza watoto? Kwani yeye hajui?"

Siku hizi wajukuu wangu wanaulizwa darasani wao wanaonaje, na watu wanasema ni elimu mpya. Nikisikia hivyo nainuka, natafuta kazi ya mikono.

Mkaguzi alikuja bila taarifa, soksi zimevutwa hadi magotini. Alininyooshea fimbo. "Saba mara nane?"

Nilikuwa nimesahau, lakini nilijua jibu lilipo. Nikatoka mlangoni mbio, nikateremka bondeni, nikahesabu mistari saba ya maharage, mashina manane kila mstari. Nilirudi nahema.

"Hamsini na sita, bwana."

"Nani amekuruhusu kutoka?"

Ningeweza kusema nilibanwa na haja. Nikasema kweli: "Mwalimu ametuambia tukisahau twende tukatazame."

Msichana niliyekaa naye dawati moja akaninong'oneza, "Umemmaliza."

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu. Mwalimu aliniambia nikae, nipumzike.

Wiki mbili baadaye lori la mbao lililokuwa likirudi Mafinga lilikuja kumchukua, yeye na sanduku lake la bati. Darasa zima lilitoka kumuaga. Mimi nilijibanza nyuma ya ghala la mahindi, nikisikia kila neno.

"Mwenzako yuko wapi?" alimuuliza yule msichana wa dawati langu.

"Amekwenda kuchota maji, mwalimu."

"Basi nimsubiri kidogo."

Alisubiri. Nami sikutoka. Dereva alipiga honi, akapiga tena, kisha nikasikia mlango wa lori ukifungwa.