Hodi Tatu Langoni mwa Husuni

Posa yangu ilikuwa imekaa miezi minne bila jibu. Kwetu Jilore mtu akikataliwa huambiwa siku hiyo hiyo, akarudi shambani akayamalizia magugu hasira zake, mambo yakaisha. Watu wa mjini Malindi wana adabu zaidi, na adabu hiyo ilikuwa inaniua polepole. Kila mshenga wangu alipokwenda kuuliza alikaribishwa vizuri, akapewa kahawa na halua, akaambiwa, "Tutazungumza, inshallah." Akarudi kwangu ananukia iliki, jibu hana.

Ilikuwa miaka ya themanini, mwanzoni mwanzoni. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale mjini, nina miaka ishirini na minne na subira ya mtoto anayeota meno. Binti mwenyewe alikuwa radhi. Mamake alikuwa radhi pia, nilivyopenyezewa. Aliyebaki kimya ni baba, fundi wa kushona kanzu, mtu mrefu, mpole, ambaye alizungumza kama anayepima kitambaa kabla ya kukikata. Na aliyemnyamazisha, nilijua, alikuwa kaka yake mkubwa. Huyo alinipinga waziwazi barazani. "Mwacha asili ni mtumwa," alisema. "Huyu kijana wa mashamba, asili yake nani aijuaye?"

Asili yangu ilikuwa haina siri hata kidogo. Baba yangu alilima mahindi na ndizi kando ya mto Sabaki, na babu kabla yake, na yeyote aliyetaka kuiona angeweza kuja akapewa jembe. Lakini hiyo siyo asili aliyokuwa akiiulizia yule bwana, na mimi nilikuwa nimeanza kukata tamaa.

Basi Alhamisi moja, tunatoka kuswali alasiri, fundi akanisimamisha nje ya msikiti. Nikamwamkia, akaniitikia, kisha akaikagua mishono ya kanzu yangu hata nikadhani yamekwisha.

"Mwalimu," akasema, "wewe wazijua njia za bondeni, kule mtoni?"

"Nazijua, mzee wangu. Nimekulia huko."

"Jumamosi nataka kwenda Husuni. Mama watoto mkadi wake umekufa, ataka chipukizi jipya. Tufuatane."

Husuni ni jina walilokuwa wakiliita gofu la jumba moja kubwa upande wa pili wa mto, lililojengwa na tajiri wa zamani aliyemiliki mashamba yote ya pale. Kuta zake nene za mawe zilizunguka bustani, na ndani ya bustani hiyo, ingawa jumba lilikuwa limeporomoka, mikadi ilikuwa bado inaota. Na mkadi, kwa asiyeujua, ni mti wa majani marefu yenye miba, ambao ua lake wanawake wa pwani hulitia katika nguo na kulichanganya na asumini anapopambwa bibi harusi. Mwanamke anayetafuta mkadi ana harusi akilini. Nikafurahi. Halafu nikakumbuka kwamba binti alikuwa na binamu mmoja karani wa forodhani, mwenye asili inayojulikana mpaka vizazi saba, na furaha ikaingia mchanga.

Jumamosi tulishuka garini karibu na daraja tukavuka kwa miguu. Masika yalikuwa yamepita, mto umerudi mkondoni mwake, na bonde lote lilikuwa limebaki na tope jekundu, jipya, ambalo wakulima walikuwa wamelipanda mahindi mpaka ukingoni. Nilipenda sana harufu ya bonde wakati ule, harufu ya majani mabichi na samaki waliokwama vidimbwini. Yangeyange walikuwa wakitembea nyuma ya wenye majembe, wakiokota wadudu. Nilivua viatu, nikakunja suruali magotini, nikageuka kumtazama fundi. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, kofia ya vito, na makubadhi.

"Mzee wangu, ni vyema uyavue makubadhi. Tope la hapa halina heshima."

"Nitakwenda hivi hivi, polepole," akasema.

Hatua ya kumi tope likala kubadhi la kulia. Nililitafuta nimezama mpaka kiwikoni, nikalipata, nikaliosha, nikampa. Hatua ya ishirini likala la kushoto. Hapo akayavua yote mawili, akanikabidhi, akaipandisha kanzu na kuifunga kiunoni. Miguu yake ilikuwa myeupe kama ya mtu ambaye maisha yake yote ameyakalia mkekani. Nilitaka kucheka, nikakohoa.

Kilichonitesa zaidi kilikuwa salamu. Mimi ningewapungia wakulima mkono nikapita. Yeye alisimama kwa kila mmoja. Aliuliza hali, akauliza watoto, akauliza mvua, akauliza kiboko aliyevamia mahindi juzi, maana njia nzima ilikuwa na nyayo zake, kila unyayo umejaa maji kama sufuria. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa juu ya dungu akilinda ndege alishuka ngazi yote kwa ajili ya kujibu salamu vizuri. Shati lake lilikuwa halina kifungo. Fundi akachomoa sindano yenye uzi iliyokuwa imechomekwa ndani ya kofia yake, akapapasa mfukoni akatoa kifungo, akamshonea pale pale, wote wawili wamesimama topeni, wanazungumza habari za kunde. Jua lilikuwa linapanda. Niliona wazi kwamba tutafika Husuni wakati wa kurudi, na nikajua kwamba nikionyesha uso wa haraka nimekwisha. Nikawa ninatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Tulifika karibu na adhuhuri. Lango lilikuwa limesimama peke yake, refu, lenye nakshi zilizoliwa na mvua, bila mlango. Ndani ungeweza kuona kichaka cha mikadi, majani yake yakiyumba. Nilikuwa nimeshainua mguu kuingia nilipohisi mkono begani.

Fundi alishusha kanzu, akaifuta tope kadiri lilivyokubali kufutika, akavaa makubadhi, akaiweka kofia sawa. Kisha akasimama kando ya lango, si mbele yake, kama anavyosimama mtu asiyetaka kuchungulia ndani ya nyumba ya watu.

"Hodi," akaita.

Njiwa wakaruka kutoka ukutani. Tukangoja.

"Hodi wenyewe."

Mimi nilimtazama yeye, yeye alitazama chini. Tukangoja tena, muda ambao ungemtosha mtu kujifunga leso na kuja mlangoni.

"Hodi," mara ya tatu.

Hakuna aliyejibu. Fundi akashusha pumzi, akavua makubadhi, akanikabidhi. "Haya, mwalimu. Twende zetu."

Nilidhani anatania. "Twende wapi, mzee wangu?"

"Mjini. Tumepiga hodi tatu, hatukuitikiwa. Ukiitikiwa wapita, usipoitikiwa warudi. Ndivyo tulivyofunzwa."

"Lakini ni gofu. Halina mtu."

"Wajuaje?"

Hapo subira yangu, ambayo nilikuwa nimeibeba kama yai tangu darajani, ikavunjika. Nikaona miezi minne, kahawa yote ya mshenga, tope lote la asubuhi ile, na mama mtu akingoja chipukizi lake nyumbani, na karani wa forodhani akicheka. Nikasema, "Mzee wangu, huku nyuma ukuta umebomoka, kuna upenyo. Tupite huko, tuchimbe, tuondoke. Nani atajua?"

Sijawahi kumwona mtu mpole akibadilika uso kiasi kile. Hakupaza sauti. "Mimi siingii Husuni kwa mlango wa nyuma," akasema. "Wewe ukitaka, enda."

Akatafuta jiwe kivulini akakaa, akanipa mgongo.

Nilijua nimeharibu, ila sikujua nimeharibu nini. Nilizunguka ukuta kwa sababu sikuweza kukaa pale kumtazama mgongo. Nikapenya ufa wa nyuma, na huko ndani, katikati ya bustani ya tajiri, nikamkuta bibi mmoja wa Kigiriama ameinama juu ya matuta ya kunde, anapalilia. Kuku wake wanne walikuwa wakiparura chini ya mikadi.

Nikamwamkia, kisha nikamwuliza, "Hawe, hukusikia hodi?" Hawe ndilo neno letu la bibi, na kulisikia kulimfanya ainuke.

"Nimesikia. Tatu."

"Mbona hukuitika?"

"Niitike mimi?" Akanishangaa. "Miaka yote nilimayo hapa hakuna aliyenipigia hodi. Wapitao hupita. Nilipomsikia yule, na sauti ile ya adabu, nikajua yuaita wenyewe wa zamani. Pepo wakiitwa, mimi nidakie?"

Nikamweleza kwamba aliyeita ni mtu, na amekaa juu ya jiwe, na kwamba asipokaribishwa atarudi mjini mikono mitupu, na maisha yangu yatakuwa yamekwisha. Sikuficha kitu. Nilimwambia habari ya posa, ya mkadi, na ya kinywa changu kilichosema vibaya. Alicheka mpaka akajishika kiuno. Kisha akafunga leso upya, akanawa mikono kwenye debe lake la maji, akatembea mpaka langoni bila haraka yoyote.

"Karibu, baba," akaita. "Karibu ndani. Nyumba haina paa, ila karibu."

Fundi akasimama. Nikamrudishia makubadhi, akayavaa kwa mara ya tatu siku ile, akatanguliza mguu wa kulia, akaingia kwa lango kubwa. Hakutembea kama mgeni anayetazama magofu. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kisima cha mawe kilichofukiwa, upande wa kushoto, ambacho mimi sikuwa hata nimekiona, akauweka mkono wake juu yake.

"Bibi yangu alikuwa akiteka maji hapa," akasema. "Mzaa baba. Aliinywesha mikadi hii yote. Alinunuliwa mtoto, hakujua kwao ni wapi. Alikaa Husuni mpaka akawa mtu mzima, na hakupita lango lile hata siku moja. Wao, walionunuliwa, walikuwa na mlango wao nyuma, pale penye ufa."

Bibi wa kunde alikuwa ameacha kucheka. Mimi nilitamani ardhi ya bonde inimeze kama ilivyomeza yale makubadhi.

"Nisamehe, mzee wangu. Sikujua."

"Ungejuaje? Hata watoto wangu hawajui." Akachuchumaa kwenye mkadi mmoja, akaanza kutenga machipukizi na miba, kwa vidole vya fundi, kimoja kimoja. "Kaka yangu hupenda sana kusema mwacha asili ni mtumwa. Hulisema kila posa ikija. Nami hunyamaza, maana naona haya kumkumbusha ya kwetu. Miezi minne hii nimenyamaza. Leo nilitaka nije nimwombe bibi yangu radhi kwa kuona haya, nikaona siwezi kuja peke yangu."

Nikasogea kando yake. Nilitaka kusaidia kuchimba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini kila nilipoinama miba ilinichana mikono, naye alinisogeza pembeni kwa kiwiko kama mwanafunzi mzito. Bibi wa kunde alituletea kifuu cha maji. Akamtazama fundi, akanitazama mimi, kutoka tope la miguuni hadi mikwaruzo ya mikononi, na nikaona kwamba kicheko kilikuwa kinamrudia.

"Baba," akamwuliza, "na huyu aliyekuja mbio kunishitua, ni nani wako?"

Fundi alikuwa akikata mzizi. Hakuinua kichwa.

"Ni mkwe wangu."

"Basi mwambie mkwe wako ashuke kwenye tuta, anikanyagia kunde zangu."

Nilitazama chini. Ni kweli nilikuwa nimesimama katikati ya kunde za watu, na nilijua kwamba natakiwa kuondoka, na miguu ikakataa.