Mpaka wa Jikoni kwa Dafrosa

Nyumbani kwa Dafrosa, ghorofa ya tatu pale Hagsätra, mgeni hasemi kwamba ana njaa. Atakaribishwa, atakataa. Atakaribishwa tena, atasema ameshiba. Mara ya tatu ndipo atakaposogea mezani, taratibu, kama anayewafanyia wenyeji hisani. Ndivyo Dafrosa alivyolelewa Burundi, na ndivyo alivyomlea Natacha, binti wa marehemu kaka yake, tangu walipofika Sweden mtoto akiwa bado hajui kufunga kamba za viatu.

Dafrosa alikuwa mpishi wa shule, kiongozi wa kwaya, na adui wa uongo wa kila aina. Siku moja alipanda treni kurudisha kitunguu ambacho mwenye duka alisahau kukihesabu kwenye bili. Watu walimcheka. Wangefanya vizuri zaidi kumwiga.

Mwaka 2011 Natacha, akiwa raia wa Sweden na umri bado unamruhusu, alikubaliwa ile viza ya vijana ya kwenda Kanada kufanya kazi na kutembea kwa mwaka mmoja. Hoteli ilikuwa imeshamwahidi kazi. Lakini viza yenyewe ilikuwa bado haijaanza kufanya kazi. Alikuwa na barua tu, na barua ile ingegeuka kibali pale ambapo ofisa wa mpakani angemhoji na kuridhika. Natacha alipanga kufikia kwanza Marekani, kwa Jimmy, mdogo wake Callixte mume wa Dafrosa, kisha avuke daraja la mpakani kwa miguu kuingia Kanada. Ofisa asiporidhika, hoteli ingechukua mtu mwingine.

Na sababu ya hofu ilikuwepo. Mwaka uliotangulia, kabla hajapata uraia, kwenye uwanja wa ndege wa London, Natacha aliulizwa amekuja kufanya nini. Kwa adabu aliyofundishwa, aliinamisha macho akajibu, "Hakuna." Walimkalisha kwenye benchi mpaka jamaa zake wakaja kumtolea ushahidi kwamba alikuwa amekuja harusini.

Basi Jumamosi moja, baada ya mazoezi ya kwaya, Dafrosa alivaa kofia ya kazi ya Callixte, aliyekuwa dereva wa basi, akaweka meza ya kupigia pasi kwenye mlango wa jikoni. Sebule ikawa Marekani, jikoni ikawa Kanada.

"Pasipoti," alisema Dafrosa.

Natacha akampa.

"Unaenda Kanada kufanya nini?"

Natacha akatazama zulia. "Kuona tu."

"Kuona nini?"

"Chochote kilichopo."

"Rudi sebuleni."

Muriuki, Mkenya wa Sundbyberg aliyekuwa akiimba sauti ya tatu, akaingilia kati. "Lakini mama, hapo mtoto amejibu vizuri. Mpakani unasema unatembea. Mimi Namanga nimepita hadi wakanizoea, na neno kazi halijawahi kunitoka mdomoni."

"Na ulikuwa ukienda kufanya nini?"

"Kazi."

"Basi ulidanganya."

"Nilifupisha."

"Kwetu ungempa tu Fanta," alisema Callixte kutoka kwenye kochi, "mambo yakaisha."

"Callixte, wewe ni mzee wa kanisa."

"Ndiyo maana nikasema Fanta. Sikusema bia."

Natacha alijaribu tena, akarudishwa tena. Safari hii alisema anakwenda kumsalimia ofisa. Jikoni isombe, kisamvu cha kwao Burundi, ilikuwa motoni, na harufu yake ilivuka mpaka bila kuulizwa kitu. Muriuki alivumilia, kisha akasimama na kusogelea meza ya pasi.

"Na wewe unaenda wapi?" aliuliza Dafrosa.

"Huko ndani."

"Kufanya nini?"

"Kukusalimia, mama."

"Nipo hapa, na umeshanisalimia. Rudi."

"Kunawa mikono, basi."

"Bafu liko nyuma yako."

Muriuki alirudi akakaa. Callixte akamnong'oneza kwamba huyu mwanamke hana mchezo, yeye ameishi naye na anajua, leo watalala njaa. Hapo Muriuki akasimama mara ya pili, akakaza shati lake kama anayekwenda kusoma somo mbele ya kanisa.

"Mama, nimekuja kula. Nataka isombe, nataka wali, nataka yule samaki niliyemwona, na nikimaliza nitaomba niongezwe."

Tangu nyumba ile ipate funguo, hakuna mgeni aliyewahi kusema maneno kama hayo ndani yake. Callixte alivua miwani. Dafrosa mwenyewe alibaki ameshika kofia, kwa maana lile lilikuwa kosa kubwa la adabu na lilikuwa kweli tupu. Akaisogeza meza ya pasi.

"Pita," alisema.

Natacha alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wa sweta. Kisha akaja mpakani mwenyewe, macho juu.

"Ninakwenda kufanya kazi," alisema. "Kutandika vitanda hotelini. Nina barua, hii hapa."

"Na ukichoka?"

"Nitapumzika. Viza yenyewe ni ya likizo."

"Pita, mwanangu. Chukua sahani."

Natacha alisafiri akiwa na kopo la ndagala, dagaa wakavu wa kwao, begini, kwani Dafrosa aliona ni aibu kumpeleka mtoto ugenini mikono mitupu. Siku ya kuvuka, simu ililia Hagsätra wakati Muriuki naye yupo, na Dafrosa akaiweka kwenye spika.

"Shangazi, nimepita. Aliuliza nimekuja kufanya nini, nikamwambia kazi. Akachapa kibali palepale."

Callixte alipiga makofi. Dafrosa alimshukuru Mungu kwa sauti.

"Halafu akauliza kama nina chakula. Nikasema kweli, nina ndagala. Akafungua kopo, akanusa, akarudi nyuma. Nikamkaribisha."

"Akala?"

"Hapana. Alisema ameshiba."

Dafrosa aliisogelea simu.

"Ulimkaribisha mara ngapi?"

"Mara moja, shangazi."

"Mara moja," alirudia Dafrosa. "Mtu amesimama kazini tangu asubuhi, amekataa kwa adabu zake, na wewe ukafunga kopo ukaenda zako. Rudi."

"Shangazi, kurudi ni kuvuka mpaka."

"Na akikuuliza unarudi kufanya nini, mwambie kweli."