Lete Nikufanyie

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, kazini wanamwita Mama Foronya. Mwaka wa kumi na tisa huu yuko chumba cha kufulia cha hospitali, na ukimfumba macho ukampa foronya atakwambia imetoka wodi ya watoto au ya upasuaji. Kwa kuipapasa tu! Lakini ukimpa simu, alikuwa anaishika kama sufuria iliyotoka motoni.

Nitasema ukweli, na msinicheke: kosa lilikuwa langu. Sawa, shule aliacha darasa la tano ili alee wadogo zake, na simu ya kwanza pale nyumbani ilikuwa ya kaka, haiguswi. Lakini simu yake mwenyewe anayo miaka sita sasa. Tatizo ni sisi. Akiitoa tu kwenye pochi, mmoja wetu anaidaka: "Lete nikufanyie!" Na bingwa wao ni mimi, maana nina duka la kupiga chapa na kutoa fotokopi, basi najiona mtaalamu. Chapuchapu nimemaliza, haya chukua. Yeye anabaki kusema asante.

Mwaka jana ilitangazwa nafasi ya msimamizi wa chumba cha kufulia, maombi kwa mtandao. Nilimjazia mimi, na kwenye namba ya simu nikaweka yangu, eti yeye hasomi ujumbe. Wito wa usaili ukaja Jumatatu, usaili Jumanne, mimi nikausoma Alhamisi. Nafasi akapewa mtu asiyejua hata kwamba doa la damu hutolewa kwa maji baridi. Wifi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Mwaka huu yule msimamizi akahama, nafasi ikatangazwa tena. Safari hii kuna na mtihani wa dakika ishirini, peke yako chumbani na kishikwambi. Nikamfuata nyumbani kwake. "Lete simu nikuonyeshe," nikasema, na mkono umeshafika.

"Wifi, hebu kaa!" Sauti ile sikuwahi kuisikia kwake. "Unanionyesha nini na kila siku unanipokonya? Leo nashika mwenyewe. Hiyo mikono yako ikalie."

Nikaikalia. Jamani, mateso yale! Jina lake tu lilichukua robo saa. Kidole kinabonyeza, kinafuta, kinaanza upya, mimi jasho linanitoka.

"Mashine yangu ya kufulia nayo imeandikwa kigeni," akasema, "ila vitufe vyake nimekariri vilipo. Hii simu yenu vinahamahama!"

Hapo ndipo nilipoona aibu. Miaka sita nimeichezea simu ile na sikuwahi kufikiria kuibadilisha lugha. Nikamwelekeza kwa mdomo, akabonyeza, kioo chote kikageuka Kiswahili.

Akasoma polepole. "Tuma." Akanitazama. "Kumbe hapa palikuwa pameandikwa tuma?"

"Tuma tu."

"Na mimi nakiogopa miaka yote hii!" Akacheka mpaka machozi. "Na huyu Ghairi ni nani?"

"Huyo ni 'basi, acha'."

"Si waseme hivyo!"

Wiki tatu nilikwenda kwake kila jioni nikishafunga duka, nimekalia mikono mpaka inakufa ganzi. Fomu alijaza mwenyewe, namba akaweka yake. Siku ya mtihani nilimsindikiza mpaka mlangoni, nikabaki kwenye benchi la nje nikiuma kucha. Alitoka dakika ya kumi na tisa. Akaniambia ukurasa wa kwanza ulimtaka achague lugha, na hakusita.

Nilifurahi, lakini wiki nzima iliyofuata sikulala vizuri. Ijumaa nilikuwa namfungia mteja kitabu chake cha kurasa mia mbili, simu yangu ikalia. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa wifi, wa kwanza tangu aolewe na kaka. Niliusoma mara tatu, mteja wangu akingoja.

"Wifi nimepata. Usimwambie kaka yako. Nataka nimwambie mwenyewe."