Pipa la Saileji Siku ya Posa

Mie hili nilikuwa sitaki hata kulisema, maana nikilikumbuka nachoka mwili mzima, lakini mmeshasikia huko kwamba Mama Zuhura wa Wazo anapika gongo, basi bora msikie kwangu mwenyewe.

Sipiki gongo. Nina ng'ombe wawili wa maziwa, na kiangazi majani huku kwetu ni ya kugombea, kwa hiyo nakatakata matete na mabua ya mahindi, nachanganya na molasi na maganda ya mananasi ya wauza juisi wa Tegeta, nashindilia kwenye pipa, nafunika hewa isiingie, yanachachuka taratibu. Ndiyo saileji yenyewe.

Sasa siku wanakuja kumposa Zuhura, mwanangu wa pekee, nikaona aibu wakwe wakute pipa mlangoni (kana kwamba banda la ng'ombe hawataliona). Baba Zuhura akaniambia, "Liache hapo hapo, bado halijaiva." Wapi. Nikalilaza, nikalibingirisha hadi chumba cha pembeni ya sebule, nikashusha pazia, nikaenda kuoga.

Wageni wamekaa, baba mkubwa wa kijana, na kanzu yake nyeupe, ndiyo kwanza amemaliza dua aanze maneno, tukasikia puu, kifuniko kimeruka (kumbe kule kubingirisha kulikilegeza), na maji ya kahawia yenye povu yakaja polepole chini ya pazia mpaka miguuni kwake. Na harufu, jamani. Pombe tupu.

"Mama, humu ndani mnapika nini?"

"Chakula cha ng'ombe, mzee wangu."

"Ng'ombe gani huyo?"

Nami nisivyo na akili, badala ya kunyamaza nikachota beseni zima, nikawaongoza wote bandani wakashuhudie. Ng'ombe akanusa, akageuza kichwa. Mzee akakunja kanzu yake, akasema watatuarifu. Zuhura alikuwa anatoka na sinia la sambusa, akarudi nalo jikoni.

Wakwe kimya, wiki baada ya wiki. Mtoto anakamua tu maziwa, mie nimechoka. Ile saileji iliyobaki tuliishindilia upya, ikaiva, na ng'ombe yule yule akala mpaka akalamba beseni. Mnyama hana haya.

Jana simu ikaita, baba mkubwa. Nikakaa chini kwanza. Salamu zikaenda weee, mwisho akasema ana ng'ombe wake Mbezi, majani yamekauka, ameulizia kwa wafugaji wenzake na wamemwambia kweli kile ni chakula, sasa kinatengenezwaje?

Nikamwambia aje, nitamfundisha bandani, maana pipa ndani ya nyumba yangu haliingii tena mpaka nakufa. Ila asije peke yake, aje na kijana wake.