Sauti Iliyokuwa Upande wa Kushoto

Habari za kifo chake nilizipata Jumanne, saa nne asubuhi, nikiwa Muheza kwa shughuli ambayo sasa hata siikumbuki vizuri. Aliyenipigia simu alisema maneno machache tu: fundi ameanguka alfajiri akitia udhu, na maziko ni baada ya sala ya adhuhuri. Ninyi mnaosoma safu hii kila wiki mnajua kwamba mimi si mtu wa kupokea habari moja ikabaki moja. Kabla sijapanda basi la Tanga nilikwisha kujiuliza kama nina haki ya kwenda, mimi Mlutheri mtoto wa Kishambaa. Kama nivae kofia au nitaonekana najifanya. Kama watu wa nyumbani kwake wanajua nililomfanyia. Na kama hawajui, ni wajibu wangu kuwaambia au ni wajibu wangu kunyamaza. Nilipofika jeneza lilikwisha kutoka. Nikalifuata nyuma kabisa, bila kofia, nikiogopa hata kugusa mti wake zamu ilipokuwa ikipokezanwa.

Alikuwa fundi wa redio, deki na amplifaya, mwenye duka dogo Ngamiani alilorithi kwa baba yake, ambaye naye alirithi kwa baba yake aliyevuka kutoka Bara Hindi. Nilimfahamu miaka miwili tu. Nilikuwa nimemaliza chuo na kurudi nyumbani na cheti changu wakati viwanda vya mji huu vinafungwa kimoja baada ya kingine. Kile alichofanyia kazi baba yangu kiliuzwa, mashine zikang'olewa, mlinzi akabaki analinda ukuta. Kwa upande mwingine maduka yalikuwa yamejaa. Deki za Dubai zilishushwa kwa makontena, rahisi kiasi kwamba watu waliona heri kununua mpya kuliko kutengeneza ya zamani. Kwa hiyo tulikuwa watu wawili ambao mji ulikuwa unaanza kutuzoea bila kazi, ila yeye hakulizungumza jambo hilo na mimi sikuzungumza jingine.

Alikuwa na utaratibu wake, na wateja wengine waliuchukia. Hakuna aliyeondoka na kitu chake bila kuketi kwenye benchi na kusikiliza. Ukileta deki, uje na diski unayoipenda, uisikilize yote, ndipo uifungashe. Nimemwona mwanamke aliyeacha sufuria jikoni akimsihi amruhusu aende, naye anamwambia kwa upole kwamba akiondoka sasa, kesho atarudi na matusi, basi heri wali uungue leo. Aliposema hivyo watu walicheka, lakini hakuruhusu. Mwanamke aliketi.

Mara ya kwanza niliingia pale na diski niliyoitengeneza mwenyewe. Mjomba wangu alikuwa amenipa kompyuta kuukuu ya ofisi, nami nilijifunza kuchukua diski nzima ya nyimbo au picha na kuigeuza kuwa faili moja linalobeba kila kitu kama kilivyo, mpangilio wake, hata sekunde za ukimya kati ya wimbo na wimbo. Wajuzi huliita picha ya diski. Nililinakili faili hilo kwenye diski tupu, nikalipeleka kwa majivuno, deki yake ikazunguka, ikasita, ikaandika kwamba hakuna diski. Nikadhani deki ni mbovu. Akaniuliza nimefanyaje, nikamweleza kwa maneno mengi ya chuoni. Alinisikiliza hadi nikamaliza, akasema, "Sasa msomi, wewe umeniletea picha ya wali, unataka nishibe." Ndipo nikaelewa kwamba faili lile lilipaswa kufunguliwa na kuchomwa upya liwe diski kamili, deki haijui kulisoma likiwa limefungwa hivyo. Jioni nzima nilijiona mpumbavu. Yeye alichukulia kwamba tumefahamiana, na tangu siku hiyo jina langu pale dukani likawa Msomi.

Karibu na mwisho wa mwaka wa pili alinikabidhi diski moja, ameifunga kwenye kitambaa cha kufutia miwani. Katika miaka ya shida, sabuni ilipokuwa ya kupangia foleni na sukari ya kujuana, watu wa mji huu walikuwa wakitumiana barua za kanda. Unazungumza kwenye kinasa sauti, kanda unampa msafiri. Mke wake aliwahi kumrekodia dada yake aliyehamia Uingereza. Miezi michache baadaye homa ilimchukua, wakati hospitali haina dawa, akaacha binti ambaye hajatimiza miaka miwili. Kanda ile ilikaa ng'ambo miaka ishirini. Dada mtu alipofariki, mwanawe wa Mombasa aliipata, akaihamishia kwenye diski pamoja na picha za familia, na kanda yenyewe ikakatika na kutupwa. Sasa diski nayo ilikuwa inababuka, kama zinavyobabuka diski zote katika chumvi yetu hii. Binti alikuwa anafanya kazi Maskati, na mwezi ule angekuja likizo ya wiki mbili. Hakuwa akiikumbuka sauti ya mama yake. "Nataka nikae naye, nimweleze kila kitu kilichomo," aliniambia. "Nifanyie ile picha yako, kisha unichomee mpya."

Nilifanya. Kompyuta ilihangaika na diski ile usiku na mchana, ikatoa faili, na nilipoitoa diski ya asili, kipande cha utando wake kilibaki kidoleni mwangu. Haikusomeka tena. Nikachoma mpya. Kompyuta yangu haikuwa na spika, kwa hiyo nilijaribu kwenye deki ya nyumbani. Picha zikaja: bibi harusi, mtoto mchanga, baraza la nyumba. Sauti haikuja. Niliongeza hadi mwisho nikasikia mvumo tu wa televisheni. Nikachoma nyingine, ikawa vilevile.

Mtu mwingine angechukua diski akaenda dukani asubuhi hiyohiyo. Mimi nilikaa kitandani nikihesabu mahali nilipokosea. Nilijua kwa uhakika wote kwamba nimeifuta sauti ya marehemu, na kwamba ilikuwa imebaki moja duniani. Nikaanza kupita barabara ya nyuma ili nisionekane dukani. Alipomtuma mtu kuniuliza, nilijibu bado naifanyia kazi. Nilisikia binti amefika. Nilitunga barua ya kuomba radhi, nikaichana kwa sababu iliniondolea lawama mno, nikatunga nyingine, nayo nikaichana kwa sababu ilinibebesha lawama kwa namna ya kutaka nionewe huruma. Hivyo ndivyo siku zilivyokwisha.

Nilikwenda wiki ya tatu. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, nikaiweka diski juu ya meza na kumwambia kwamba nimeipoteza sauti. Aliigeuzageuza kwenye mwanga. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Kwenu deki umeiunga kwa waya gani?"

Nikamwambia nyekundu. Televisheni yetu ya zamani ina tundu moja tu la sauti, na waya nyeupe iling'atwa na panya tangu mwaka juzi. Sinema zote tunazitazama kwa nyekundu na hatujawahi kukosa neno. Aliinuka, akaitia diski kwenye deki yake, akachomeka nyeupe, ya upande wa kushoto, peke yake. Sauti ya mwanamke ikajaa dukani, inamsalimu dada yake, inacheka. Kinasa sauti cha wakati ule kilikuwa cha sauti moja, akanieleza, na kijana wa Mombasa aliitia yote upande wa kushoto. Upande wa kulia haukuwa na kitu. Haukuwahi kuwa nacho.

Nilimwuliza binti yuko wapi. Akasema ameondoka juzi.

Angeweza kunifukuza. Badala yake aliniambia niketi kwenye benchi, tusikilize. Na kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumweleza, alinieleza mimi. Mahali fulani katika barua ile mlango unagongwa, sauti inakatika, kisha inarudi imeshuka, karibu kunong'ona. Aliyegonga, alisema, ni jirani yao, mama wa Kibondei, aliyekuja kuwaambia kwamba msako wa wafichao bidhaa umefika mtaa wa pili. Kinasa sauti chenyewe hakikuwa na stakabadhi. Walikizungushia kanga wakakitumbukiza kwenye gunia la mkaa, na kesho yake mkewe akaendelea pale alipoishia, chini ya shuka, kwa sababu hakutaka barua iende nusu. Alinieleza kikohozi ni cha nani, jina fulani ni la nani, mlio ule ni wa nini. Nilisikiliza nikiwaza kwamba maneno haya yote nimeyaiba, kwamba nimekalia nafasi ya mtu. Alipomaliza aliniagiza nichome nakala nyingine, akampa msafiri wa Maskati.

Nimeufikiria sana woga wangu tangu siku ile, pengine kupita kiasi. Kizazi chao kiliogopa mlango kugongwa, na kilikuwa na sababu, lakini hata chini ya shuka kilimaliza barua. Sisi hakuna anayetugongea. Tunaogopa kuonekana hatujui. Tumekaa shuleni miaka kumi na sita tukipewa alama kwa kujua, sasa tumetoka na hakuna kazi, na kile kidogo tunachojua ndicho kitambulisho pekee tulichobaki nacho. Kukiri mbele ya mtu kwamba kimetushinda ni kama kukirudisha. Kwa hiyo tunakaa na kosa nyumbani, tunalilisha, linanenepa. Fundi yule hakuwa na cheti hata kimoja, na nadhani ndiyo maana alikuwa hodari wa kuuliza maswali madogo. Mimi nilijiuliza kama nina hatia. Yeye aliuliza waya ipi.

Binti alifika siku ya tatu ya msiba, baba yake amekwisha kuzikwa. Nilikuwa nimekaa nje na wanaume nilipoitwa ukumbini. Alikuwepo yeye na shangazi yake. Nilimpa pole, kisha, kabla sijapoteza ujasiri, nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyeichelewesha diski, kwamba haikuwa na kasoro yoyote, kwamba niliogopa tu.

"Najua, kaka," alisema. "Baba alisema yule kijana amenyamaza, basi imeharibika. Nikamwambia twende kwake. Akakataa. Akasema akija mwenyewe ataweza kurudi tena dukani. Tukimfuata, hatakanyaga tena."

Shangazi yake aliongeza, bila kunitazama, kwamba ndugu yake ndivyo alivyokuwa, anamwonea huruma kila mtu, nyumba yake ndiyo inayolipa.  Kumbe wiki zile tatu fundi alizichukua kama wiki za kuiomboleza sauti ile mara ya pili, na hakunifuata.

Kisha binti akaniambia kilichomfanya aniite. Diski ilimfikia wiki moja kabla ya msiba. Aliisikiliza mara moja, akaizima, na hakuirudia. Mwishoni kabisa sauti ya mama yake inabadilika, inakuwa nyembamba, ya haraka, maneno hayakamatiki, kama mtu anayejikaza asilie, halafu inakatika bila kuaga. Alitaka kumpigia baba yake amwulize, akaona si jambo la kwenye simu, akaamua angoje waonane. "Alikuwa anajua anakufa?" aliniuliza. "Baba alikwambia?"

Alikuwa ameniambia. Nilijua jibu la swali hilo, mimi nisiye na haki ya kulijua, na kwa mara ya kwanza sikujiuliza kama niseme.

"Hakuwa analia, dada. Betri zilikuwa zinakwisha."

Nikamweleza kama nilivyoelezwa kwenye benchi lile. Betri mpya hazikupatikana mji mzima; walizianika zile za zamani juani ili zipate nguvu kidogo. Zilipochoka, kanda ilizunguka polepole wakati wa kurekodi, na kanda iliyorekodiwa polepole ukiipiga kwa mwendo wake wa kawaida, sauti inakimbia na kuwa nyembamba. Mama yake alikuwa katikati ya habari ya mbuzi wa jirani aliyekula kadi ya foleni ya sukari. Baba yake alikuwa pembeni, anacheka kimyakimya, amemwekea mkono mdomoni mtoto asiharibu barua.

Binti akaniuliza mbuzi alikuwa wa nani. Hilo sikulijua. Sikumwuliza marehemu, nilidhani muda upo. Nikamwambia sijui, na shangazi yake ndiye aliyeanza kucheka, akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akasema mbuzi alikuwa wa kwake, siku zile yeye ndiye aliyekuwa jirani.

Nilichojifunza kwake ni kidogo na nakiandika kama kilivyo, kabla sijakitilia shaka. Ukiharibu kitu cha mtu, au ukidhani umekiharibu, mpelekee mapema, siku hiyohiyo, hata ukiwa unaogopa. Yeye anakijua kuliko wewe, na siku zake za kukueleza si nyingi.