Mhariri Mkali wa Gongoni

Saa mbili asubuhi, Gongoni, mjini Tabora. Bi Mwanne Yahaya, mchapaji wa barua, amekunja uso kama hakimu aliyeamshwa usingizini. Mkononi ana kalamu nyekundu.

“Shikamoo, mama,” anaamkia Doto Nassibu, mkulima wa tumbaku wa Usoke.

“Marahaba. Ng’ombe wako hawajambo?”

“Sina ng’ombe.”

“Humu kwenye barua yako unao kumi na wanne, na wamekamatwa.”

Doto alitaka kulalamika kwamba jirani yake, Octavian, amemega shamba la mama yake. Mchapaji wa stendi akaipamba barua yake kwa maneno ya barua ya mtu mwingine. Baraza la ardhi likairudisha. Asipopeleka nyingine kufikia Ijumaa, shauri linafutwa.

Hii ni barua ya tisa ya aina hiyo kumfikia Bi Mwanne mwaka huu.

“Yule wa stendi anawaibia watu vinywa vyao,” anasema, na kalamu inatoboa karatasi. “Halafu anaita kusaidia.”

Yeye, katika miaka kumi na tisa ya kazi, hajamwandikia mtu sentensi hata moja. Huchora mstari, huuliza pembeni, humrudishia mwenyewe. Ukurasa mmoja ni shilingi elfu moja, hata ukirudiwa mara kumi.

Rasimu ya kwanza ya Doto ni salamu tupu hadi chini. Zinakatwa zote.

“Mama, niandikie tu. Nitachelewa gari.”

“Barazani wakikuuliza, nije nikujibie? Kaa.”

Ya pili: *Jirani ametudhulumu sana.* Pembeni: Amefanya nini? Lini? Nani aliona?

Doto anasonya, anaandika. Ya tatu inarudi. Ya nne inasema: *Tarehe 3 Machi Octavian aling’oa minyaa mitano ya mpaka aliyoipanda marehemu baba, akalima hadi ukutani mwa nyumba ya mama. Inasemekana alikuja na trekta.*

Bi Mwanne anasoma. Doto anaichukua kalamu mwenyewe.

“Hii ‘inasemekana’ naitoa. Nilikuwepo. Nilisimama mbele ya trekta.”

“Mbona hukusema tangu asubuhi?”

“Nilidhani haifai kwenye barua.”

Anaiandika. Bi Mwanne anaichapa bila kugusa hata nukta, akivigonga vitufe kana kwamba kila kimoja ni yule mchapaji wa stendi.

Mwezi unaofuata anaongeza benchi la pili.

“La kukaa watu wakaandike,” anasema. “Wa kungoja waandikiwe wasimame juani.”